Dotamaru Akimbiapo Kushoto

Osaka, 18 Novemba 1984

Dada Shigeno,

Pokea salamu za mdogo wako asiyeandika mpaka aone haya. Mimi mzima, mafua yameniacha, na ile achari ya majani uliyotuma imekwisha siku nyingi. Wenzangu ofisini waliivamia kabla sijaona hata mfuniko ulikoanguka. Shemeji Eisaku hajambo? Najua ameshapanda paani kukagua mbao kabla theluji haijaanza, na wewe umesimama chini ukimwambia kwamba akianguka asikuite. Hapa Osaka watu wamevaa makoti wanalalamikia baridi. Nawaambia nendeni Tokamachi mkaingie nyumbani kwa dirisha la ghorofani, ndiyo mje tuongee habari ya baridi. Wanasema natia chumvi.

Kuhusu kuoa, usiulize. Swali lako nimelisikia kabla hujachukua kalamu.

Sasa habari ya kazi. Ile gemu iliyonihangaisha tangu mwaka juzi imetoka. Siyo ya kuchezea nyumbani, ni ya zile mashine kubwa za kutia sarafu wanazoweka migahawani na madukani. Kuna mtoto anatoka kwao kumfuata kereng'ende mwekundu aliyemtoroka. Anaruka mitaro, anakimbizwa na majogoo, anapambana na mazimwi ya theluji. Mimi ndiye niliyemchora. Mkubwa wetu, Bwana Onodera, alitaka awe askari wa angani. Nikamwambia askari wa angani wamejaa tele, hata pa kuegesha vyombo vyao hawana. Tumemwita Dotamaru, kwa sababu anakimbia kwa kishindo, dota-dota-dota, kama aliyetumwa kuvunja mbao za sakafu.

Watu wameanza kumpenda. Jana nilipita mgahawa mmoja karibu na stesheni nikakuta wanaume wazima, na tai zao shingoni, wamepanga foleni. Mmoja anamwambia mwenzake, "Wewe umeshamuua vya kutosha, hebu pisha mtu mwenye akili akae." Nikaagiza kahawa nisiyoitaka, nikakaa pale kuwasikiliza, nafurahi peke yangu kama mjinga.

Mashine hiyo ikifika huko usishangae. Kuna jambo ningependa kukwambia juu ya huyo mtoto, lakini karatasi imekwisha.

Mdogo wako,
Kuniaki

Najua, nyuma bado kuna nafasi. Nitaandika siku nyingine.


Tokamachi, 5 Februari 1985

Kuniaki,

Barua yako ilikuja na theluji ya kwanza, na jibu langu linatoka theluji ikiwa imefunika kibao cha duka. Tuvumiliane. Shemeji yako hajambo, anashinda paani na sepetu. Mimi goti linaniuma kama kawaida yake, na mdomo wangu mzima kama kawaida yake. Watoto wa shule bado wanakuja dukani, wanapita kwenye njia tuliyochimba kama fuko. Biashara ya peremende haijui baridi.

Mwezi uliopita yule jamaa wa mashine wa Nagaoka alikuja kuchukua ile ya vita vya angani iliyokufa, akaacha nyingine. Nilimwambia, "Lete yoyote, bora isinipigie kelele." Akacheka. Akaichomeka pembeni ya mitungi ya peremende, akaiwasha, akaenda zake.

Tangu siku hiyo watoto hawaendi kwao. Wanarundikana, wanasukumana, wanatukanana, wanagawana peremende moja watu watatu ili wabakize sarafu. Bingwa wao ni Kazue, binti wa muuza tofu. Anawaambia wavulana, "Nyie shikeni mabegi, dereva ni mimi."

Nataka kukuuliza kitu. Yukata ile ya Dotamaru wako, joho jepesi la kiangazi lenye picha za kereng'ende, lililofungwa kwa kamba ya jikoni badala ya mshipi. Na kule kukimbia na kiwiko cha kushoto kimetoka nje kama mpini wa birika. Ulivitoa wapi?

Usinijibu kwa mzaha. Achari nyingine nimeituma kwa posta, wafiche wenzako.

Shigeno


Osaka, 16 Februari 1985

Dada,

Achari imefika, nimeifungia kabatini na ufunguo ninao. Afya yangu njema. Nashukuru theluji haijavunja paa.

Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena. Sitaki kukuzungusha. Ni Noboru.

Wewe ulinichukua wazee wetu walipofariki, ukanilaza godoro moja na mwanao. Kwa jina alikuwa mpwa wangu, lakini alikuwa mdogo wangu. Nilimzidi miaka minne tu, naye akajua kuitumia hiyo. "Mjomba, nibebe. Mjomba, wewe mkubwa, nenda wewe ukaombe." Kila nikinusa majani ya chai yanayokaangwa mahali, naiona ile baraza ndefu ya nyuma, yeye anatoka kuoga bila kujifuta, anakimbia, na wewe uko jikoni unaita, "Usikimbie ndani." Yukata ilikuwa ya shemeji, uliikata na bado anaiburuta. Mshipi alikuwa ameupoteza mtoni, ukamfunga kamba ya jikoni, na hata ulipomnunulia mshipi mwingine hakuutaka.

Kisha ikaja ile homa ya uti wa mgongo kiangazi kile, akiwa na miaka minane. Na nyumba yetu ikaacha kulitaja jina lake. Simlaumu mtu, hata mimi niliacha. Lakini nilipopewa karatasi ya miraba, nikaambiwa nichore mtoto anayekimbia, mkono wangu haukujua mtoto mwingine. Nilimaliza siku hiyo hiyo. Watu wakasimama nyuma yangu wakasema, "Huyu yuko hai." Nikasikia raha ambayo sijui niieleze vipi.

Sikukuomba ruhusa kwa sababu nilijua utasema hapana. Dada, niambie unaonaje.

Kuniaki


Osaka, 10 Aprili 1985 (kadi ya posta)

Dada, maua ya micheri hapa yamechanua na yameshadondoka. Huko yatachelewa, kama wewe. Niandikie hata neno moja.

K.


Tokamachi, 2 Juni 1985

Kuniaki,

Umeomba neno moja, nakupa mawili: tumepanda mpunga. Sote wazima. Sasa nakupa na mengine.

Unauliza naonaje. Ungeuliza kabla. Mimi nashinda nyuma ya meza napanga peremende, nasikia dota-dota-dota, nainua kichwa nimwambie asikimbie ndani. Nainua kichwa kila mara, Kuniaki. Kisha inalia ile filimbi ya kuanguka, anageuka mzimu na kile kitambaa cha pembetatu wanachofungwa wafu kipajini, anapaa, na watoto wanasema, "Ah, amekufa." Wanatia sarafu nyingine. Asubuhi hadi jioni.

Hilo ningejikaza. Lakini kuna lingine. Akikimbia kwenda kulia nguo yake imefungwa sawasawa, upande wa kushoto umelala juu, kama wewe, kama mimi, kama mtu yeyote anayevuta pumzi. Akigeuka kurudi kushoto, upande wa kulia ndio uko juu. Kama maiti. Nilidhani macho yangu yameharibika, nikavaa miwani. Mtoto wa miaka mitatu nchi hii anajua nani anavalishwa hivyo.

Mara ya mwisho kumwona amevaa hivyo, yukata ile ile, mimi ndiye niliyemfunga. Walileta vazi jeupe nikalikataa, nikasema atakwenda na la kereng'ende. Nikauvuta upande wa kulia juu kwa mikono yangu, kwa sababu ilibidi, na wewe ulisimama mlangoni unatazama. Uliona kila kitu. Ndicho ulichokichora?

Mtoe mwanangu humo ndani. Na jina lake usiliandike tena kwenye barua inayoingia nyumba hii.

Shemeji yako anakusalimu. Hajui kama naandika haya.

Shigeno


Osaka, 9 Juni 1985

Dada yangu,

Sitauliza habari, maana sistahili kujibiwa. Nasema lililopo.

Sikuchora hivyo. Mashine hizi zina nafasi ndogo sana ya kuhifadhi picha, kila picha tunaigombania kama chumba cha kupanga. Kwa hiyo mtu tunamchora akitazama kulia tu. Akigeuka, mashine yenyewe inaipindua picha, kama vile umejitazama kwenye kioo. Kila kilichokuwa kushoto kinahamia kulia, na nguo vilevile. Wote tunaofanya hivi tumezaliwa hapa, wote tunajua kuvaa yukata, na tumemtazama yule mtoto mwaka mzima. Hakuna aliyeona. Mchezo wote unakwenda kulia, na macho yetu yalikuwa mbele kwenye mazimwi. Bibi wawili wa Kyushu waliandika barua kulalamika, na kijana wa mapokezi akazitia kwenye boksi la mambo ya wazee.

Jana nikaiwasha, nikamgeuza, nikamsimamisha pale. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka Bwana Onodera akaja kugonga mlango, akadhani nimekula samaki mbovu.

Kumtoa siwezi. Mashine zimeshatapakaa nchi nzima, kuanzia Hokkaido. Watoto wanavaa yukata na kamba za jikoni kwenye matamasha ya mitaani. Wanaandika magunia ya barua. Wanauliza kama kereng'ende alipatikana, na wanauliza mbona mlango wa nyumba yake haufunguki, maana mchezo unaanzia pale mlangoni, na mimi ule mlango niliuchora kama ukuta tu.

Sasa kampuni inataka mchezo wa pili. Nilimwambia Onodera kwamba mimi sichori. Akaniambia, bila ubaya, "Basi atachora Hamaguchi. Mtoto ni wa kampuni, Kuniaki, siyo wako." Ndipo tulipofika. Nikikataa, atachorwa na mtu asiyemjua, atamtia viatu vya raba na tabasamu la tangazo la dawa ya meno. Nikikubali, nimekuvunjia neno lako. Wanataka jibu kabla ya mwaka kwisha, na mimi sitalitoa bila wewe.

Jina sikuliandika.

Kuniaki


Tokamachi, 20 Oktoba 1985

Kuniaki,

Kiangazi kimepita, mpunga umevunwa, matunda ya kaki nimeyamenya na kuyaning'iniza barazani. Goti langu sasa linatabiri mvua kuliko redio. Umesubiri sana. Ulistahili kidogo, siyo chote.

Nilipoipata barua yako nilikuwa nimeshampigia simu jamaa wa Nagaoka aje aondoe mashine. Akaja na kitoroli chake. Shemeji yako akatoka nyuma, akasimama mbele ya mashine, akasema, "Iache." Unamjua Eisaku, ni mtu wa kusema neno moja kwa wiki, na hilo neno ni "chai". Jamaa akanitazama mimi. Nikamwambia aende tu, nitampigia. Niliona ni ukaidi wa uzee, nikanuna siku nzima.

Kumbe. Mimi asubuhi nachemsha maharage jikoni, yeye ananiambia anafagia duka. Fagio limesimama pale pale kila siku na mimi sioni. Juzi maharage yakaungua, nikatoka kumwita anisaidie sufuria, nikamkuta ameketi kwenye kigoda cha watoto, magoti yamefika masikioni. Anacheza. Lakini hachezi kama wao. Mchezo ukianza anamgeuza mtoto kushoto, anamrudisha kwenye ile nyumba ya mwanzo. Anamgongesha mlangoni. Anamrudisha nyuma kidogo, anamgongesha tena. Mlango haufunguki, muda wa mchezo unakwisha, na mtoto anafia kizingitini. Anatia sarafu nyingine.

Nikamwuliza, "Umemjua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Nikamwuliza kama nguo ameiona. Akasema, "Nimeiona. Ndiyo maana namrudisha nyumbani, mama yake amvue amvalishe upya."

Kuniaki, nililia pale mpaka harufu ya maharage ikafika barabarani. Mama yake Kazue akaja mbio akidhani duka linaungua. Tukamwambia hakuna neno, ni moshi tu.

Alipoondoka nikavuta kigoda cha pili nikakaa. Tukamzungumza mtoto wetu. Eisaku huyu huyu wa neno moja alisema mpaka koo likamkauka. Akanikumbusha siku mtoto alipoficha samaki wa mto kwenye maji yangu ya kuogea, nami nikaingia. Akasema ile kamba ya jikoni ni yeye aliyeifunga mara ya kwanza, siyo mimi. Mimi siku zote nilisema ni mimi, na wewe umeandika ni mimi. Tumebishana hilo mpaka watoto wakaja kugonga wanataka peremende. Sijui mara ya mwisho nilibishana na mume wangu kwa raha namna ile. Tulikuwa tumeishi kama wageni wawili wa nyumba ya kulala, kila mtu anaogopa kumwamsha mwenzake.

Sasa nisikilize. Mchore wewe. Hamaguchi simjui na viatu vyake vya raba sivitaki. Nguo yake iwe ya mtu aliye hai, aende kulia, aende kushoto. Na ule mlango ufunguke, maana shemeji yako atamaliza sarafu zote za duka, anachukua humo humo kwenye droo yangu. Ningesema pia nisimsikie tena akifa dukani mwangu, lakini najua michezo yenu bila kufa haiendi.

Shigeno

Kamba ulimwona nani akiifunga? Sema ukweli. Shemeji yako anangoja.


Osaka, 25 Januari 1986

Dada, na shemeji,

Heri ya mwaka mpya kwa kuchelewa. Nilikula mochi ya mchele inayonata peke yangu na sikukabwa. Kamba aliifunga shemeji. Samahani, dada. Nilikuwa barazani nimeona kwa macho yangu, ila kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa ukinipa chakula, siku zote nilikuwa upande wako.

Vita vimekwisha, na nadhani tumeshinda. Nilimwambia Onodera nachora, kwa sharti kwamba safari hii mtoto achorwe pande zote mbili. Akashika kichwa. Kumchora upya akielekea kushoto kunakula nafasi, na nafasi yote ilikuwa imeshagawanywa.

Akasema, "Toa kitu basi. Toa jogoo."

Nikasema, "Jogoo ndiye anayewachekesha."

"Toa zimwi la daraja."

"Zimwi la daraja umelichora wewe."

"Basi usilitoe."

Nikachukua orodha ya picha nikaipitia tena. Na hapo ndipo nikaona. Kuzunguka, kuanguka chali, macho kupinduka, mzimu, kitambaa cha pembetatu, kupaa. Kifo chake kilikuwa na picha nyingi kuliko kitu kingine chochote anachofanya mtoto yule. Nikamwambia, "Tutoe kifo."

Onodera akaweka sigara chini. "Asipokufa, watoto watatia sarafu kwa sababu gani?"

"Atakimbia kwao. Akishindwa anageuka kushoto, anakimbia mpaka nyumbani, mlango unafunguka, anaingia. Wakitaka acheze tena watamwita."

"Watamwita."

"Kwani wewe hukuwahi kumwita mwenzako nje ya nyumba yao atoke mcheze? Mama yake akikubali, atatoka."

Akaniangalia sana. Akauliza, "Una mtoto, wewe?" Nikasema sina, ninaye mpwa. Sijui alielewa nini, ila aliichukua sigara yake akasema tujaribu kwenye duka moja, watoto wakikataa kifo kinarudi na jogoo anaondoka. Tukaiweka duka moja la Sakai. Niliogopa kwenda. Onodera alikwenda mwenyewe, akarudi na koti limelowa mvua, akasema, "Wanaita. Wanamwita kwa sauti, wajinga wale, na sarafu mkononi." Akaenda kukaa mezani kwake akaanza kulinyoa ndevu zimwi lake la daraja ili nipate nafasi kidogo ya mlango.

Nafasi yenyewe ni ndogo. Atakayefungua mlango hawezi kuonekana mzima. Naweza kuchora mkono tu, na kipande cha nguo. Dada, nichore nini?

Kuniaki


Tokamachi, 8 Februari 1986

Kuniaki,

Theluji imefika dirishani. Sote hatujambo. Naandika haraka, sufuria iko motoni na safari hii sitaki iungue.

Chora mkono wa aproni, ile nyeupe ya jikoni yenye mikono mirefu, na uwe umekunjwa mpaka kwenye kiwiko, maana wakati ule nilikuwa nafanya kazi. Uso usiweke. Mkononi nipe mochi ya kuchoma. Alikuwa hakanyagi ndani kabla hajauliza kuna nini cha kula.

Shemeji yako anataka nikwambie kwamba kuhusu kamba ameshinda. Anazunguka nyumba kama aliyechaguliwa meya.

Shigeno


Tokamachi, 14 Agosti 1986

Mdogo wangu Kuniaki,

Habari za joto la Osaka? Huku nyenje wanapiga kelele tangu alfajiri, na tikiti maji tumelitia kisimani lipoe. Shemeji yako anakusalimu sana. Mimi goti limenipa likizo. Ulisema huwezi kuja Obon, sikukuu ya wafu wetu kurudi nyumbani, mwaka huu kwa ajili ya kazi, nikakasirika, lakini nimesamehe kwa sababu ya nitakayokusimulia.

Mashine mpya ililetwa juzi, siku moja kabla ya Obon. Jamaa wa Nagaoka aliniuliza, "Mama, safari hii siyo ya kurudisha?" Nikamwambia aweke na kufunga mdomo. Watoto walikuwa wameshajua, sijui wanajuaje. Kazue akakaa kwanza, hakuna aliyebisha. Amerefuka, na sasa hasemi tena yeye ni dereva, anawanyooshea kidole tu.

Alikwenda mbali, kisha zimwi la daraja likamkamata. Niliziba masikio, mazoea tu. Filimbi haikulia. Mtoto aligeuka kushoto akakimbia. Nilikuwa na miwani, Kuniaki, nimesogea mpaka Kazue akaniambia, "Mama Shigeno, unanipumulia shingoni." Upande wa kushoto juu. Dota-dota-dota, anakwenda kushoto, na upande wa kushoto uko juu. Kamba ya jikoni inapepea. Akafika mlangoni, ukafunguka, ukatoka ule mkono na mochi yake, akaingia. Mlango ukafungwa.

Mvulana mmoja akataka kutia sarafu, Kazue akamshika mkono. "Subiri. Mwache ale kwanza." Na wote wakasubiri. Wale wahuni wanaogombania peremende, wamesimama kimya wanamngoja mtoto mwingine ale mochi. Kisha mmoja akaita, "Dotamaruu, toka tucheze," na wote wakaitikia, ndipo sarafu ikaingia.

Jana jioni tuliwasha moto wa kuwapokea waliotutangulia, mbele ya duka, kama kila mwaka. Farasi wa tango wa kuwaleta upesi nilimtengeneza mimi, shemeji yako akasema miguu haiko sawa, nikamwambia aende akatengeneze wake. Miaka mingine tunawasha moto ule, tunainama, tunaingia ndani kila mtu na lake. Jana watoto walikuwa bado wamejaa. Eisaku akapita katikati yao na unga wa majivu magotini, akasema, "Nipisheni kidogo." Wakampisha, kwa mshangao.

Akatia sarafu. Akamtembeza mtoto kulia hatua chache tu, mpaka kwa jogoo wa kwanza, yule ambaye hata mtoto mchanga anamruka. Akaachia kijiti cha kumwongozea. Akakunja mikono. Jogoo akaja akamgonga.

"Babu, hujui kucheza," mmoja akamwambia.

"Najua," akasema Eisaku.

Mtoto akageuka kushoto. Mlango wa duka ulikuwa wazi, moshi wa ule moto unaingia ndani, na mimi nimesimama na aproni yangu, mikono nimeikunja, sikuwa nimepanga. Nikasikia ile miguu ikija. Sikuinua kichwa kumwambia asikimbie. Mdomo wangu ulisema wenyewe, kwa sauti, mbele ya watoto wa watu, "Umerudi? Haya, nawa miguu, chakula tayari."

Hakuna aliyecheka. Kazue alinitazama, kisha akamtazama Eisaku, kisha akawaambia wenzake waende kwao, giza linaingia.

Mwaka mpya njoo, usinipe visingizio. Achari ipo, mochi ipo, na godoro lenu bado liko kabatini, huwa nalianika kila kiangazi bila kukwambia. Jina nililokukataza kuliandika, sasa naliandika mimi.

Noboru amefika nyumbani.

Dada yako,
Shigeno